Naomba ushauri: kanda 140 za nyimbo za kale za Usukumani zinaota ukungu

Gita la Pili
Habari za jioni wanajukwaa. Mimi ni mzee wa miaka 69. Nilipiga gita la pili kwenye bendi za dansi hapa Mwanza mpaka bendi zenyewe zikafa. Kuanzia 1983, siku ambazo hatuna onyesho, nilikuwa nachukua baiskeli na redio kaseti yangu ya National naenda Magu, Kwimba, Misungwi, kuwarekodi mamanju, watunzi na waimbaji wa ngoma za Kisukuma. Ngoma za wigashe na bugobogobo, nyimbo za kulimia, za bagoyangi wanaocheza na nyoka. Zimefika kanda 140, ziko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda.

Sasa zimeanza kuota ukungu mweupe. Swali langu ni moja tu: nitumie mashine gani kuziingiza kwenye kompyuta, na nizihifadhi kwa mfumo gani zidumu? Kuna kijana wa studio ananisubiri na mwezi unaisha. Silali vizuri.

Kiti cha Mbele
Nimekaa paleee na karanga zangu. Ngoja waje wajuzi.

Fundi Deki
Shikamoo mzee. Kwanza kabisa USIZIPIGE. Ukungu ukishika kwenye hedi ya deki, kila kanda utakayoweka baada ya hapo inaupata. Zitoe sandukuni, zikae chumba kikavu chenye hewa, usizianike juani. Kila kanda izungushe kwa mkono na kalamu mwanzo hadi mwisho, maana zikikaa miaka hivyo zinagandana. Angalia kile kiusufi katikati ya mdomo wa kanda: kikidondoka sauti inafifia, na dawa yake ni kuhamishia kiusufi cha kanda nyingine. Hedi isafishe kwa spiriti. Pembeni yake kuna skrubu ndogo, igeuze taratibu mpaka sauti ing'ae, usiiguse kama huna mkono mwepesi.

Ingiza kwa WAV, biti 24, kiloherzi 96. MP3 mpe anayetaka kusikiliza kwenye simu. Nakala tatu, moja isilale nyumba moja na wenzake.

Mama Kulwa
Na shikamoo yangu mpelekeeni mzee. Mimi Mpare, nimeolewa Usukumani. 1998 nikajifungua mapacha, Kulwa na Doto. Siku ya tatu nasikia ngoma nje, nachungulia dirishani: mama mkwe, mama wa kanisani kabisa, anaongoza wanawake wa mabasa, ngoma ya mapacha, wanaimba matusi ya nguoni. Kila kiungo cha mwili wa mwanadamu kilitajwa kwa jina lake. Nililia. Baadaye ndiyo naambiwa hiyo ni heshima, watoto pacha bila hayo hawatulii. Mzee, za mabasa unazo? Mama mkwe hayupo tena na mie nimesahau maneno.

Mtumishi 77
Bagoyangi, mabasa, hizo zote ni madhabahu za mababu. Halafu unashangaa huna usingizi, umelalia sanduku zima! Choma mzee, utalala.

Mama Kulwa
Mtumishi, ukichoma usisahau na zile kanda za Kongo ulizochezea ujana wako.

Arap wa Kericho
Salamu kutoka Kenya. Hii imenikumbusha nyanya yangu. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey alifika huku kwetu kurekodi Wakipsigis. Wasichana wakamwimbia Chemirocha, yaani Jimmie Rodgers, mpiga gita wa Marekani waliyemsikia kwenye santuri. Wao walishamgeuza kiumbe, nusu mtu nusu swara. Rekodi zikaenda Afrika Kusini, kwenye maktaba yake ya ILAM aliyoianzisha 1954, na nakala zikarudi huku kwetu 2014. Miaka 64! Nyanya alishikilia hadi kufa kwamba siku ile yeye ndiye angeimba, ni vile koo lilikuwa limekauka. Na nikisikiliza naona kama ni kweli, kuna mahali sauti inapwaya.

Hoja Nzito
Nimesoma uzi mara mbili. Swali la mashine limejibiwa mapema, na Fundi amemaliza kila kitu. Mzee, ukungu haumkoseshi mtu usingizi. Huyo kijana anasubiri nini? Na mwisho wa mwezi kuna nini?

Gita la Pili
Ni kijana mzuri, anapenda mambo ya asili. Anataka kuchukua sauti chache aziwekee midundo ya kisasa vijana wasikilize. Mimi sioni ubaya. Kinachonisumbua ni mashine.

Hoja Nzito
Amekupa hela?

Gita la Pili
Laki sita. Mabati ya jiko yalikuwa yanavuja na mjukuu alirudishwa ada.

Hoja Nzito
Na karatasi ulisaini? Imekuita nani?

Gita la Pili
Mtunzi.

Basi niseme yote. Kanda anayoitaka kuliko zote ni ya wigashe. Manju katikati ya wimbo anajitaja jina, baba yake na kijiji chake, ndiyo desturi yao, ili timu ya upande wa pili ijue inashindana na nani. Kijana anasema hapo pakatwe, panaharibu mdundo. Nimekubali.

Kabla hamjanirukia: nani alikanyaga baiskeli kilomita 40 kwenye vumbi? Wakati redio zote zinataka rumba, nani alihangaika na wazee hawa? Isingekuwa mimi, wimbo huo leo usingekuwepo kwenye dunia hii. Nyimbo za asili hazina mwenyewe, zinatoka kwa wazee zinakwenda kwa wazee. Na mpangilio wa kuanza na kumaliza nilimwelekeza mimi, kwamba nyimbo ziishe kabla kanda haijaisha.

Wakili wa Kijiweni
Mzee wangu, "ziishe kabla kanda haijaisha" si utunzi, ni saa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtenga aliyetunga, aliyeimba na aliyerekodi. Wewe una chako kwenye rekodi, hakuna wa kukunyang'anya. Ngoma ya jadi isiyojulikana mtunzi, ukitaka kuifanyia biashara nje ya mila yake kuna kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Lakini kesi yako haijafika hata huko. Hii ina mwenyewe, na amejitaja kwa mdomo wake. Mnachokata ni saini ya mtu.

Nyanguge Asilia
Wakili kanena. Watu wanadhani ngoma zetu zimeota kama majani. Baba yangu alikuwa Mgalu, timu ya ngoma inayoshindana na Wagika, alikuwa anaweza kukwambia wimbo huu ni wa manju fulani, aliutunga akiwashambulia Wagika mwaka fulani wa njaa. Ukiuimba bila kumtaja mwenyewe unaulizwa umeuokota wapi.

Chumvi ya Mawe
Haya jamani, mnakunywa chai na hakuna hata aliyeuliza sukari. Mimi 1983 nilikuwa darasa la tano. Mwaka wa wahujumu uchumi! Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, huyu bwana anazunguka vijijini na kanda tupu na betri mpya sita? Akaunti kafungua jana. Huu ni mchongo, Jumatatu mtaona linki ya albamu hapa.

Kiti cha Mbele
Nilijua tu. Na karanga zimeisha.

Mtumishi 77
Hata mimi roho ilikataa.

Gita la Pili
Nani kasema kanda tupu? Nilinunua kwa baharia wa meli kanda zilizokwishatumika, mahubiri na masomo ya Kiingereza, zimevunjwa vile vidude vya nyuma zisifutike. Nikaziba matundu kwa karatasi na ugali. Kwangu manju akinyamaza anaingia mchungaji, katikati ya sentensi.

Betri zilikuwa zile zile zilizochoka, tunazianika juu ya bati la moto zinafufuka kidogo. Ndiyo maana kanda nyingi zinaanza vizuri, mwishoni mzee wa miaka 60 anaimba kama mtoto wa shule.

Fundi Deki
Chumvi, mimi hapo nimeamini. Betri ikichoka wakati wa kurekodi, mota inazunguka polepole, na ukija kuipiga kwenye deki yenye umeme wa kutosha sauti inapanda juu. Anayebuni angesema sauti inazama, maana ndicho watu wanachokijua. Hilo linanyooshwa kwenye kompyuta, mzee, usihofu.

Chumvi ya Mawe
Sawa, la betri nimemeza. La akaunti ya jana bado.

Gita la Pili
Jana ndiyo mjukuu amenifungulia.

Nyanguge Asilia
Mzee, nina swali dogo. Huyo manju aliwahi kuisikia hiyo kanda?

Gita la Pili
(Nimekaa siku mbili bila kujibu, samahani.)

Hapana. Nilimwahidi nakala. Alinichinjia jogoo siku ile, tukala, akanisindikiza mpaka mtoni akishika baiskeli. Nilisema narudi baada ya mavuno. Akaja kufariki sijarudi.

Jana nimepata namba ya binti yake kwa mjumbe wa huko. Nilijiandaa kusikia habari za hela. Hakuuliza hela. Ameniuliza kama jogoo anasikika, kwa sababu alikuwa amefunikwa tenga karibu na redio na yeye, mtoto wa miaka tisa, alipewa kazi ya kukaa juu ya tenga ili jogoo anyamaze. Hakunyamaza. Ubeti wa pili amewika mara mbili.

Nakwenda Jumamosi. Hana cha kupigia kanda, nitabeba National.

Hoja Nzito
Na kijana wa studio?

Gita la Pili
Sijampigia. Laki sita sina.

Wakili wa Kijiweni
Mpigie kabla ya Jumamosi, na umwombe nakala ya ile karatasi. Nitumie faragha, nisome bure.

Fundi Deki
Kabla hujaibeba, ipitishe kwangu niizungushe kwa mkono. Usiguse kitufe cha kupiga, nakuomba.

Mama Kulwa
Mzee, za mabasa bado hujanijibu.