Muski aliyenaswa kwa ndoano: mvuvi aruhusiwe kumwekea alama?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Wengi wetu tulioko Minnesota, Wisconsin na Ontario tunavua muski, samaki mkubwa wa maji baridi wa Amerika Kaskazini, na kumrudisha majini. Minnesota hairuhusiwi kumchukua aliye chini ya inchi 54, yaani kama sentimita 137, na wa urefu huo ni wachache mno, kwa hiyo karibu kila anayenaswa huachiwa. Kinachoniuma ni kwamba anaondoka na habari zake zote. Maofisa wa samaki huwapata kwa nyavu za mtego majira ya kuchipua, muski wanapotaga, kisha basi. Sisi tuko ziwani tangu Juni hadi barafu inakaribia kushika.

Hoja yangu: idara za uvuvi zitoe mafunzo na kibali. Mvuvi aliyefuzu apewe lebo zenye namba na kifaa cha kuzipachikia, ili kila muski anayemwachia aende na alama. Chama cha wavuvi cha Muskies, Inc., kilichoanzishwa 1966, kinahimiza kuachia samaki, kwa hiyo watu wenye nidhamu wapo. Anayepinga atoe sababu.

Mshika Wavu

Napinga, mkuu, na naanzia nyuma ya lebo yenyewe: una hakika huyo ni muski? Sehemu nyingi muski na paiki, jamaa yake wa karibu, wanaishi ziwa moja, na chotara wao yumo humo humo. Paiki akipachikwa lebo akaandikwa muski, kosa hilo linakaa kwenye kumbukumbu za idara miaka na miaka.

Watu hutazama rangi. Paiki ana madoa mepesi juu ya ngozi nyeusi-kijani. Muski ana madoa au milia ya giza juu ya ngozi nyepesi. Ni kweli, lakini muski wengine hawana doa hata moja, na mwanga wa jioni hudanganya. Alama ya kutegemea iko chini ya taya: vitundu vidogo vya hisia, vimepangwa mstari kila upande. Paiki ana vitano au pungufu kwa upande, muski sita hadi tisa. Hesabu pande zote mbili. Kisha angalia magamba: shavu la paiki limefunikwa lote, la muski nusu ya juu tu. Chotara ana milia kama muski ila ncha za mkia wake zimeviringika, wakati za muski zimechongoka. Huyo hazai, kwa hiyo ukimchanganya na muski unapata wazazi ambao hawapo.

Na vitundu havihesabiwi samaki akining'inia hewani. Mwache ndani ya wavu, mwili majini, mwenzako apige picha ya taya. Utahesabu kwenye simu akiwa ameshaenda zake.

Mtakwimu

Naongeza la hesabu, maana hapo ndipo nia njema inapoharibika. Tuseme idara imeweka alama muski 100. Baadaye wananaswa 60, kati yao 12 wana alama. Makadirio ya ziwa zima ni 100 mara 60 gawanya kwa 12: samaki 500. Sasa chukua ziwa lile lile, ila kati ya wale 12 watatu wamedondosha lebo kwa kuwa zilipachikwa vibaya. Unaona 9 tu, na hesabu inakuambia wapo 667. Ziwa halijaongezeka hata samaki mmoja.

Alama ikiwaua baadhi yao, matokeo ni yale yale: wanaorudi na alama wanapungua, na makadirio yanapanda. Makosa yote mawili yanakuonyesha samaki wengi kuliko waliopo, na samaki wakionekana wengi, idara inalegeza sheria au inapunguza vifaranga vya kupandikiza. Kwa samaki ambaye mara nyingi hafiki mmoja mkubwa kwa ekari, hilo ni hatari.

Nahodha wa Watamu

Huku pwani ya Kenya sulisuli na nduaro wanachomwa lebo miaka mingi sasa, na wanaofanya ni mabaharia wa boti za uvuvi wa michezo, si maofisa. Samaki anabaki majini ubavuni mwa boti, lebo iko kwenye ncha ya fimbo ndefu, inachomwa kwenye nyama ya mgongo, kadi inajazwa, ndoano inatolewa. Kama baharia anaweza kwa nduaro wa kilo mia na zaidi, kwa muski kuna ugumu gani?

Mshika Wavu

Nahodha, swali lako zuri, ila bahari na ziwa hazitafuti jibu moja. Baharini mnauliza samaki anakwenda wapi. Lebo moja ikirudi kutoka mbali, mmeshapata jibu hata kama mia zimepotea. Ziwani tunauliza wako wangapi, na kila lebo inayopotea inavuruga jibu.

Kazi yenyewe pia inahitaji mkono uliozoea. Lebo ya kawaida ni uzi wa plastiki wenye kichwa cha umbo la T, inapigwa kwa kifaa kinachofanana na kile cha kupachikia bei kwenye nguo dukani. Sindano inaingia chini ya pezi la mgongoni, ncha ikipita chini ya gamba badala ya kulitoboa, imeinamishwa kuelekea kichwani ili uzi ulale nyuma samaki akiogelea. Inasukumwa mpaka kichwa cha T kipite katikati ya mifupa midogo inayobeba pezi, unazungusha kidogo, unachomoa, kisha unavuta uzi taratibu kuhakikisha umeshika. Anayeanza huogopa kusukuma. T inabaki kwenye nyama, uzi unacheza kila samaki akipiga mkia, kidonda hakifungi, mwani unaota juu ya lebo na kuifanya nzito, mwisho inachomoka na kuacha shimo.

Chipu ya PIT, lebo ya kielektroniki inayopachikwa ndani ya mwili, ni afadhali. Ni kijichupa cha kioo cha milimita 12, hakina betri, kinasomwa kwa masafa ya kilohezi 134.2, na kinaweza kudumu maisha yote ya samaki. Lakini sindano yake ni nene, ya geji 12, na lazima isafishwe kwa dawa kati ya samaki na samaki. Virusi vya VHS viliua muski wengi Mto St. Lawrence katikati ya miaka ya 2000. Sindano chafu sitaki kuiona karibu na ziwa lolote.

Ongeza dakika zinazopotea. Samaki ameshapigana, na maji ya Julai yakifika nyuzi joto 27 hafai hata kuvuliwa, sembuse kuchomwa.

Mleta mada

Nakubali kuhusu sindano. Sikubali kwamba mvuvi abaki mtazamaji. Minnesota ilipandikiza muski wa Ziwa Shoepack kwa miaka kabla ya kuhamia wa Leech Lake, kwa sababu wa Shoepack hawakui sana. Mambo ya aina hiyo yanajulikana mapema samaki wakifuatiliwa mmoja mmoja, na wavuvi wanawagusa samaki wengi. Basi tupewe visomeo vya chipu tu. Maofisa wachome, sisi tusome.

Mtakwimu

Hapo niko nawe, kwa sharti moja ambalo wavuvi hulisahau: ripoti pia muski asiye na alama. Rudi kwenye hesabu yangu. Bila wale 60 wote, wale 12 hawana maana. Mvuvi anayetuma taarifa siku kisomeo kilipolia tu anaiacha idara bila kitu cha kugawanyia.

Maofisa nao waweke alama mbili kwa kila samaki, chipu na uzi, au nyuzi mbili. Wakirudi 16 wenye nyuzi zote mbili na 8 wenye mmoja, gawanya 8 kwa 40, yaani 8 jumlisha mara mbili ya 16: kila uzi una nafasi ya asilimia 20 ya kupotea, na wenye kupoteza yote ni kama asilimia 4. Hapo makadirio yanasahihishika.

Mshika Wavu

Kisomeo kipitishwe polepole pande zote mbili kuanzia nyuma ya kichwa hadi mkiani, karibu kabisa na ngozi, kwa kuwa chipu ndogo haisikiki mbali. Mbali na kishikio cha chuma cha wavu pia, kinaweza kuzuia usomaji. Kama huna kisomeo, piga picha ya ubavu wa kushoto, kila mara wa kushoto, kwa kuwa milia ya upande mmoja haifanani na ya upande wa pili. Urefu upimwe mdomo umefungwa na ncha za mkia zimebanwa pamoja, juu ya ubao uliolowa.

Mleta mada

Nitaandika hivi kwenye pendekezo la klabu: visomeo vya kuazima, mafunzo ya kutambua samaki kwa vitundu vya taya, na fomu yenye safu ya "amesomwa, hana alama". Kibali cha kuchoma tunakiondoa. Kilichobaki ni maji ya mpaka wa Marekani na Kanada kama Lake of the Woods: muski aliyechomwa upande wa Minnesota akisomwa Ontario, namba yake inatumwa kwa nani? Mwenye kujua utaratibu atuwekee hapa kabla fomu haijachapishwa.