Mtoto mkimya apelekwe chuo gani?

Kutoka: Shangazi, Minnesota

Wakwetu hamjambo?
Mtoto wa kaka yangu pale Kisumu alipata B+ kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya. Ni mkimya na mtu wa vitabu. Nyumbani hutasikia sauti yake hadi chakula kiive. Baba yake anamtaka Chuo Kikuu cha Maseno, hapo karibu, ili wikendi awe anarudi nyumbani. Mimi nilimwombea chuo kidogo Iowa, wanafunzi elfu moja na kitu, nao wamemkubali na kumpunguzia karo. Naona mtoto kama huyu chuo kikubwa kitammeza. Jibu wanalitaka kufikia Mei 1. Mnanishauri nini?

Kutoka: Mjomba, Columbus

Dada, kwa ukimya hapo nakupinga.
Nilitoka Kakamega nikiwa kimya zaidi ya huyo, nikapelekwa chuo kidogo hukuhuku Marekani. Darasa letu lilikuwa la watu 14, tumeketi duara kama wazee barazani, na kuongea kulikuwa na alama zake. Mimi nimelelewa kwamba mkubwa akisema, mdogo husikiliza. Muhula wa kwanza mwalimu aliandika kwamba sijali masomo, na usiku ule ndio nilikuwa nimemaliza kitabu kizima! Baadaye nikahamia chuo kikuu cha Ohio State, watu zaidi ya 60,000. Ukumbi mkubwa, nimekaa nyuma, hakuna anayenisumbua. Nikiwa na swali namfuata mhadhiri ofisini, watu wawili tu. Hapo ndipo nilipochanua.
Kwa hiyo usihesabu wanafunzi tu. Uliza darasa linaendeshwaje. Na huyo kijana, je, ananyamaza kwa watu wote, au mbele yenu wakubwa tu? Wapo watoto ambao kwa shangazi hawatoi neno, kumbe bwenini ndio kipaza sauti.
Jambo la pili ni pesa. Mwenye F-1, ile viza ya mwanafunzi, hufanya kazi ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, basi. Karo iliyobaki asitegemewe kuilipa yeye.

Kutoka: Mama wa watoto wawili, Nakuru (nilirudi nyumbani)

Shangazi, mbona hujasema anataka kusomea nini? Ukubwa wa chuo si hoja kama kozi si yake. B+ imepita ile C+ ya kuingilia digrii, lakini KUCCPS, wale wanaopangia wanafunzi vyuo, hutazama pia pointi za masomo yanayodaiwa na kozi yenyewe.
Binti yangu alitaka Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro. Mimi nilihofia baridi (Njoro asubuhi ni sweta juu ya sweta) na ushamba. Lakini pale palianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, na mashamba yapo hadi leo. Msichana ambaye mezani hasemi, ukimuuliza habari ya ng'ombe hanyamazi. Kaka yake alipangiwa chuo karibu na nyumbani. Kila Ijumaa yuko mlangoni na mfuko wa nguo chafu. Mwaka wa pili hakuwa na rafiki hata mmoja, ikabidi aombe uhamisho. Kwa hiyo Baba Kisumu na wikendi zake afikirie tena.
Maseno si mbali, kijana apande matatu aende siku ya kawaida, siyo siku ya mahafali. Ale chakula cha wanafunzi, aketi maktaba, aone kama atatamani kubaki.

Kutoka: Shangazi, Minnesota

Asanteni. Nimempigia jana, nikamuuliza: darasani ukiwa na jibu unafanya nini? Akasema, "Namwandikia jirani kwenye karatasi, yeye ndiye anainua mkono."
Nilicheka hadi nikakaa chini. Halafu nikamuuliza kozi. Takwimu, shangazi. Miaka yote hii hakuna aliyewahi kumuuliza.
Jumatatu anaenda Maseno na binamu yake anayesoma huko. Mjomba, wale wa Iowa niwaandikieje kuuliza kama kuongea darasani kuna alama, bila kuonekana namsema vibaya mtoto?