Nichukue pistoni gani kwa Chevelle ya 1970, injini ya 350?

Mleta uzi (Houston):
Wakuu, shikamooni. Nina Chevelle ya 1970, V8 ya inchi za ujazo 350. Kila asubuhi nikiwasha inatoa moshi wa bluu, na oili inakula kweli kweli. Nimeshusha injini mwenyewe. Silinda ya sita ina mkwaruzo, ukipitisha ukucha unakwama, na sketi ya pistoni yake (ule ubavu wa chini) imelika upande mmoja. Fundi wa kuchonga bloku anasema twende saizi 30, yaani bore (kipenyo cha silinda) itoke inchi 4.000 iwe 4.030, na nichukue pistoni za foji tu, zile za alumini iliyofinyangwa kwa kugandamizwa badala ya kumiminwa, nisiulize zaidi. Mtandaoni nimeona seti ya bei nzuri, imeandikwa urefu 1.540. Gari ni la wikiendi, napakia watoto, mashindano sina mpango nayo. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

FundiChuma:
Marahaba. Foji si lazima kwa matumizi hayo. Na foji zenyewe ziko aina mbili. Alumini ya 2618 ina silikoni kidogo, inatanuka sana ikipata joto, kwa hiyo inaachiwa nafasi kubwa kwenye silinda, na asubuhi utaisikia ikigonga mpaka injini ipate moto. Ya 4032 ina silikoni kama asilimia 12, inatulia mapema. Kwa gari lako haipayutektiki, yaani pistoni za kumiminwa zenye silikoni nyingi, zinatosha kabisa. Ila hizo hazivumilii injini inayonoki (mafuta kulipuka vibaya ndani ya silinda), zinapasuka. Na ringi ya juu iachie mwanya kama karatasi ya mtengenezaji inavyosema. Ncha zikikutana kwenye joto, zinang'oa kichwa cha pistoni.

Mama Gereji:
Mwanangu, kabla ya kubishania madini, hiyo 1.540 iache. Ni urefu kutoka katikati ya pini hadi juu ya pistoni, na wa kiwandani kwa 350 ni 1.560. Kwa bloku ambayo haijapigwa plena, yaani haijakatwa juu kusawazishwa, pistoni ya kiwandani inaishia kama inchi 0.025 chini ya uso wa bloku. Hiyo fupi itaishia 0.045. Ongeza gasketi ya hedi yenye unene wa 0.039, umefika 0.084, wakati tunatafuta karibu na 0.040 ili mchanganyiko ubanwe vizuri na uungue sawasawa. Wanaotengeneza hizo fupi wanalenga bloku zilizokwisha kukatwa juu.

Silinda hedi zako zina chemba (shimo la kuunguzia mchanganyiko) ya ujazo gani? Usikisie. Paka grisi ukingoni, funika kwa kioo cha plastiki chenye tundu, jaza kwa bomba la sindano huku ukihesabu mililita.

Mleta uzi:
Mama, nimepima mbili jana usiku. Zote 76.

Mama Gereji:
Basi hizo hedi huenda zilitoka injini ya baadaye. Kuanzia modeli za 1971 GM, watengenezaji wa Chevrolet, walishusha kompresheni, yaani kiasi mchanganyiko unavyobanwa. Chukua pistoni bapa zenye matundu ya valvu, urefu 1.560. Utapata takriban 8.6 kwa 1, petroli ya kawaida inatosha. Zenye bakuli la mililita 12 zitakushusha hadi 8.2 hivi, gari litakuwa zito. Ukija kubadili hedi ukaweka za 64, pistoni hizo hizo zitakupa kama 9.7.

Kijana wa Krenki:
Kaka, la muhimu: bloku isichongwe mpaka pistoni ziwe mezani kwa fundi. Kila moja inapimwa kwa maikromita, kisha silinda yake inachongwa kuifuata. Mimi nilichonga kwanza, nafasi ikawa kubwa, nikarudia kwa saizi 40. Chuma kikishatoka hakirudi. Pima uzito wa mpya na wa zamani pia. Zikitofautiana, krenki ipelekwe kubalansiwa.

Mleta uzi:
Nimeelewa. Bapa, haipayutektiki, 1.560, saizi 30. Nimeagiza leo, na fundi nimemwambia asiguse bloku mpaka boksi lifike.