CHIRP kwenye Lubuntu: kebo inaonekana kisha inapotea, naomba ushauri

Wakuu, habari za leo. Niko Igoma, Mwanza. Nina redio ya mkononi ya Baofeng UV-5R na laptop ya zamani yenye Lubuntu 22.04 (aina ya Linux). CHIRP, programu ya kuingiza masafa kwenye redio, nimeiweka kwa pipx (kisakinishi cha programu za Python), inafunguka vizuri tu.

Shida ni kebo ya kuunganisha redio na laptop, yenye chipu ya CH340. Amri ya lsusb inaiona, ila /dev/ttyUSB0, mlango ambao CHIRP inautumia, inatokea na kupotea papo hapo. Nimejiweka kwenye kundi la dialout (lenye ruhusa ya kutumia milango hiyo), nikawasha mashine upya, wapi! dmesg (kumbukumbu za mfumo) inaonyesha brltty, ile programu ya nukta nundu, ndiyo inayoinyakua. Wengi husema ifutwe, lakini kaka yangu haoni na anaitumia kwenye mashine hiihii.

Je, naweza kuizuia isiguse CH340 pekee? Nihariri faili gani?