Sheria mpya ya ulemavu Kenya: tathmini waachiwe madaktari peke yao?

Mlezi wa Usiku: Ile sheria ya 2003 imeshazikwa, Rais alitia saini mpya Mei 2025. Haya, tathmini ya kuthibitisha kuwa mtu ana ulemavu je? Nilimpeleka mdogo wangu hospitali, daktari akakunja goti, akakunjua, akajaza fomu. Hakuna aliyeuliza nani humgeuza usiku asipate vidonda wala nani humlisha. Na Katiba, ibara ya 260, inaangalia ulemavu unavyomzuia mtu kufanya shughuli za kila siku. Je, mlezi na ofisa wa ustawi wa jamii wasisikilizwe kabla ya muhuri kugongwa?

Hesabu Kali: Ukimsikiliza kila mlezi, nchi nzima itakuwa na ulemavu. Tayari mtu akivaa miwani anataka kadi ya ulemavu asilipe kodi. Ofisini kwetu yuko mmoja anapanda ngazi kutuzidi sote, na msamaha wa kodi wa KRA, mamlaka ya mapato, anao.

Sikio Moja: Kwani anasikia kwa miguu? Mimi pia napanda ngazi vizuri sana, ndugu yangu. Siku ya tathmini karani alisimama mlangoni akaita majina, mimi nimekaa namwangalia mdomo kwa mbali, amevaa barakoa. Nilipoenda kuuliza niliambiwa nimeitwa mara tatu na nimepitwa, nirudi nyuma ya foleni. Hiyo ni foleni ya kupimwa masikio!

Hesabu Kali: Pole dada, lakini sikukutaja wewe.

Sikio Moja: Ulinitaja. Ulisema ngazi.

Mzee Kifungu: Tusigombane. Sheria hii mpya imetuletea asilimia 5 ya nafasi za kazi, hilo ndilo la kushangilia.

Karani Mstaafu: Mzee wangu, asilimia 5 imo ndani ya Katiba tangu 2010, ibara ya 54, kwa nafasi za vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa. Imekaa humo miaka yote hiyo ikisubiri mtu wa kuitekeleza.

Mzee Kifungu: Sawa, nimesikia. Lakini sensa ya 2019 ilisema ni asilimia 2.2 tu wenye ulemavu. Hizo nafasi zote za nani?

Karani Mstaafu: Na ya 2009 ilisema 3.5. Kwani walipona? Maswali yalibadilishwa: una shida kiasi gani kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, kuwasiliana. Akiulizwa baba mwenye nyumba mbele ya majirani kama mtoto wake ana shida ya kukumbuka, atajibu nini? Shirika la Afya Duniani linakadiria asilimia 16 ya watu wote duniani.

Hesabu Kali: Kumi na sita! Hapo ndipo wenye miwani wanaingilia.

Sikio Moja: Umerudi kwenye miwani.

Bibi Ledja: Niulize la pesa. Msamaha wa kodi unagusa shilingi 150,000 za kwanza za mapato kwa mwezi. Mwenye mshahara huo anaokoa zaidi ya elfu thelathini kila mwezi. Mwenye ulemavu mkubwa, anayehitaji mtu mchana na usiku, Inua Jamii, mpango wa serikali wa fedha za msaada, inampa 2,000 kwa mwezi. Yaani tathmini ileile ya daktari inamfaa zaidi aliye na kazi. Hakuna anayeliona hili?

Mguu wa Mbao: Mimi nina kazi na msamaha ninao, sitaomba radhi. Kiti cha magurudumu hakinunuliwi kwa sifa. Kinachoniudhi ni kwamba cheti cha msamaha kina tarehe ya kuisha. Mguu ulikatwa juu ya goti. Wanataka kuhakikisha haujachipua?

Hesabu Kali: 😂 Hapo umenishinda.

Bibi Ledja: Sikusema uombe radhi. Nilisema 2,000.

Mguu wa Mbao: Ulisema "inamfaa zaidi aliye na kazi", mama. Wenye kazi ndio sisi.

Mlezi wa Usiku: Mguu, pole kwa usumbufu, ila wewe unaweza kwenda kuhuisha cheti mwenyewe. Mdogo wangu habebeki kwenye matatu. Nilikodi gari kwenda, nikaambiwa mtaalamu hayupo, nikakodi tena. Nauli hiyo ilimeza Inua Jamii ambayo bado hajaanza kuipata.

Karani Mstaafu: Basi waende nyumbani kwa asiyebebeka, na ulemavu wa kudumu upimwe mara moja tu. Nani anapinga?

Hesabu Kali: Mara moja sipingi. Nyumbani napinga: daktari akishakaribishwa chai, atakataaje kusaini?

Mlezi wa Usiku: Aje bila chai, amshike mdogo wangu mguu mmoja nami mwingine, tumgeuze. Asaini akishamaliza.

Hesabu Kali: Hilo nakubali. Lakini yule wa ofisini kwetu bado namtilia shaka.

Sikio Moja: Umeshawahi kumwita kwa nyuma?

Hesabu Kali: Huwa haitiki. Nilidhani ni maringo.