Nyumba Uyole, lipu bado: nimpimeje fundi umeme kabla ya kumpa kianzio?

mwana_uyole
Heshima kwenu wakuu. Nyumba ipo Uyole, Mbeya: vyumba vitatu, sebule, jiko, bafu moja. Bati liko juu, lipu bado. Mafundi watatu wamenipa bei zinazopishana karibu mara mbili, na kila mmoja anasema yake ndiyo kazi ya uhakika. Nimpimeje mtu kabla sijatoa hela? Bafuni nataka shawa ya umeme, baridi ya Juni na Julai mnaijua.

Fundi_Nzovwe
Mkuu, anza na leseni ya EWURA, mamlaka inayowapa leseni mafundi umeme. Soma jina, daraja na tarehe ya kuisha, kisha ulizia namba hiyo ofisi yao ya kanda hapa mjini. Jina hilo liwe la mtu atakayegonga mhuri kwenye fomu zako za TANESCO. Mchezo uliozoeleka ni kijana kufunga kazi yote, halafu mhuri unaazimwa kwa mkandarasi ambaye hajawahi hata kuiona nyumba. Ikipiga shoti, humpati huyu wala yule.

Bei zinapishana kwa kuwa kila mmoja amepigia hesabu nyumba yake kichwani. Wape orodha moja: pointi ngapi za taa, soketi ngapi, na kila laini waya gani na breka gani. Taa ni waya wa 1.5 (milimita za mraba) na breka ya ampea 6 au 10. Soketi ni 2.5 na breka ya 20, za jikoni zipate laini yao. Anayeandika "waya roli sita" bila saizi, achana naye.

Swali la shawa ndilo litakalomfichua. Shawa ya wati 5500 kwenye volti 230 inavuta ampea 24 hivi. Waya wa 2.5 ndani ya bomba la ukutani hapo umefika mwisho wa uwezo wake, na breka ya 32 haitaulinda: plastiki itaiva kabla breka haijashuka. Shawa ipate laini yake kutoka kwenye ubao wa breka, waya wa 6, breka ya 32. Fundi akisema "tutaunga kwenye soketi ya karibu", mshukuru na umwage.

mama_Isyesye
Naongezea la dukani, maana hapo ndipo fedha inapopotea. Kuna waya wa alumini uliopakwa rangi ya shaba. Ukwangue kwa kisu: shaba ni nyekundu mpaka ndani, alumini inang'aa nyeupe. Kisha pima uzito. Roli halisi ya yadi 100 ya waya wa 2.5 ina shaba tupu kilo 2, plastiki bado. Roli nzima ikija kilo moja na nusu, umeuziwa waya mwembamba au roli fupi. Nunua mwenyewe pale Mwanjelwa, dai risiti ya EFD, tazama alama ya TBS. Fundi umlipe ufundi tu.

Fundi_Nzovwe
Kweli kabisa dada.

nyaya_na_ethi
Ndugu yangu, hela igawe kwa hatua. Hatua ya kwanza ni mabomba, na uyakague kabla lipu haijayafunika. Angalia kona. Bomba la plastiki hukunjwa kwa spiringi ya ndani. Likikunjwa kwa moto wa gazeti linajibana, waya unavutwa kwa nguvu, ngozi inachubuka, na shoti yake utaitafuta miaka. Kona iliyoungua ina rangi ya kahawia na imebonyea, ukipitisha kidole unaisikia. Kila boksi lizibwe kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Waya uvutwe baada ya lipu kukauka.

Hatua ya mwisho ni kipimo cha mega, mashine inayopima kama ngozi ya waya inavujisha umeme, volti 500, taa zikiwa zimetolewa: laini (waya wa moto) kwa ethi (waya wa ardhini), nyutro kwa ethi, laini kwa nyutro. Chini ya megaohm 1 ni kazi mbovu, na waya mpya unapaswa kusoma juu zaidi ya hapo mara nyingi. Asiye na mega hana cha kukuthibitishia, hata kama taa zote zinawaka.

Ethi ndiyo inayonitia wasiwasi kwetu huku. Udongo wetu wa volkano wenye pumisi ukikauka kiangazi haupitishi umeme vizuri. Fimbo ya ethi iliyopigiliwa ardhini ikiwa na ukinzani wa ohm 100, hitilafu itapitisha ampea 2.3 tu; breka ya 20 haitajua lolote, na bodi ya nje ya friji itabaki na umeme. Kwa hiyo breka ya kuvuja ya miliampea 30, ile inayokata umeme ukivuja kidogo tu, ni ya lazima, na fimbo ipimwe Septemba au Oktoba, siyo Machi udongo ukiwa umelowa. Ikisoma juu, ongeza ya pili, umbali usiopungua urefu wa fimbo yenyewe.

mwana_uyole
Nashukuru sana wakuu. Nimesikia shawa zinaangusha hiyo breka ya kuvuja, mafundi wanaitoa?

nyaya_na_ethi
Zinazoangusha ni zile ambazo koili yake iko wazi majini. Nunua yenye koili iliyofunikwa, waya wake wa kijani ufungwe kwenye ethi halisi, siyo kwenye nyutro. Breka ya kuvuja isitolewe kwa sababu yoyote: kwenye bafu lenye maji miguuni, hiyo ndiyo inayomkinga anayeoga.