Mnaosema "mimi nampigia rais tu, hao wengine siwajui", mnatuumiza wote

Wakuu, leo naandika na hasira na sitaki kuzificha. Mtu mzima, kasoma, anasimama mbele za watu anasema kwa kujiamini kabisa eti yeye anampigia rais tu hao wengine hawajui. Huwajui kwa nini? Kampeni zimepigwa wiki na wiki, mabango yamejaa, simu unayo na bando unalo, klipu za umbea umeziangalia zote mpaka mwisho, ila mtu atakayeenda kupitisha bajeti ya eneo lako humjui mpaka uko ndani ya kituturi ndo unaanza kukodolea macho picha nani kapendeza.

Na huyo diwani ndo anakuhusu kila siku jamani! Taka, mitaro, taa za barabarani, ushuru, hayo sehemu nyingi duniani yanaamuliwa kwenye halmashauri sio ikulu. Halafu mtaro ukiziba unailaumu serikali, serikali ipi, si ndo yule uliyemwekea tiki kwa sababu jina lake lilikuwa la kwanza kwenye karatasi? Na hili sizushi, watafiti wamelichunguza kwenye chaguzi nyingi, mgombea anayetangulia kwenye orodha mara nyingi anaokota kura kadhaa za bure, hasa kwenye zile nafasi ndogo ambazo watu hawakuzifuatilia. Yaani mpangilio wa karatasi unachagua kwa niaba yako na wewe unatoka pale na wino kidoleni unajiona umetimiza wajibu.

Kuna kundi jingine, la "kura yangu moja itabadilisha nini". Aisee hawa ndo wananimaliza kabisa. Zanzibar Januari 1961, jimbo la Chake Chake, chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilishinda kwa kura MOJA. Kiti hicho kimoja ndo kilifanya hesabu za baraza zije kugota 11 kwa 11, serikali ikashindikana kuundwa, watu wakarudi kupiga kura tena Juni mwaka huohuo na siku hiyo ikamwaga damu. Ukitaka ya karibuni, Virginia kule Marekani 2017, wagombea wawili wa kiti kimoja walifungana kura 11,608 kwa 11,608, Januari 2018 majina yakatumbukizwa kwenye bakuli likachomolewa moja, na hicho kiti ndo kikaamua kama Republican wanabaki na wingi kwenye baraza la wawakilishi la jimbo hilo au wanagawana viti nusu kwa nusu na Democrat. Sasa fikiria wale wote wa jimbo lile waliobaki nyumbani siku ya kura wakisema sauti yao haina maana.

Tena hata anayetoka nyumbani wakati mwingine anaenda kuharibu tu. Tiki kwa wagombea wawili, au kaandika jina lake kwenye karatasi, kura imekufa. Wengine hawakwenda kuhakiki daftari kipindi chote lilipokuwa wazi, wamehama makazi hawakuhamisha taarifa, siku ya siku wanamgombeza karani ambaye hana uwezo wa kuwaongeza pale. Sikatai kuna mahali majina yanapotea kwa uzembe wa wahusika au kwa makusudi, hao wabanwe, lakini usipohakiki mapema utajuaje kama limepotea ili upige kelele wakati bado linarekebishika?

Na mniache na hii ya "wote ni walewale". Umejuaje? Ilani umefungua hata ukurasa mmoja? Mbunge anayeomba kurudi, umewahi kuangalia Hansadi, zile kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, aliuliza nini, alisimama upande gani ule muswada wa kodi ulipopita, au alikuwa hayupo? Mkutano wa hadhara ulipoitishwa ulienda ukamuuliza hela za mradi ziliishia wapi, au ulisubiri meseji ya kuforwadiwa isiyo na chanzo ukaisambaza kwenye magrupu matano kabla hujaimaliza kusoma? Mtu aliyefuatilia akaniambia hakuna anayefaa nitamsikiliza, nitamheshimu hata akiamua kuiacha karatasi wazi maana ameshafanya kazi yake. Ila wewe hujafuatilia chochote, unatukatisha tamaa tu na kuwavuta vijana wanaopiga kura mara ya kwanza wakae nyumbani kama wewe.

Wa "walewale" njooni hapa chini. Taja diwani wako anayemaliza muda na kitu kimoja alichokipigania au kukipinga kwenye baraza. Kimoja tu.